Punguza Moto: Mwongozo wa Kuijua na Kuifurahia Chai ya Kijani ya Japani

Mpe mtu wa kwetu majani ya chai, naye atainjika sufuria. Maji yatatokota, majani yataingia, tangawizi itapondwa, maziwa yatafuata na sukari itamalizia. Ndivyo tulivyolelewa, na kwa majani yetu njia hiyo ni ya haki: chai nyeusi ya Kericho au ya Mufindi, iliyokatwakatwa kuwa chembe ndogo, inataka moto ili itoe rangi na nguvu. Lakini yatendee vivyo hivyo majani ya kijani kutoka Japani, utapata kikombe kichungu cha kukunja uso, chenye harufu ya mchicha uliosahauliwa jikoni. Watu wengi wamekutana na chai hii mara moja tu, kwa njia hiyo, wakaamua kwamba ni dawa ya kuvumilia.

Nakuomba uipe nafasi ya pili. Majani hayo hayo, ukiyamiminia maji yaliyopoa kidogo na kuyasubiri dakika moja, hutoa kinywaji laini chenye utamu usio wa sukari. Kisha hukupa kikombe cha pili, na cha tatu, kila kimoja na ladha yake. Jambo kubwa katika chai hii ni joto la maji. Ukilishika hilo, umeshafika zaidi ya nusu ya safari.

Mmea ni ule ule

Mchai wa Shizuoka na mchai wa Limuru ni mmea mmoja, Camellia sinensis. Hata neno letu "chai" na neno la Kijapani "cha" ni ndugu. Asili ya yote mawili ni Kichina. Kinachozitenga chai hizi ni yale yanayofanyika saa chache baada ya kuchuma. Ndizi ikimenywa na kuachwa wazi hugeuka kahawia. Jani la chai likipondwa nalo hugeuka, kwa sababu vimeng'enya vilivyomo ndani yake vimekutana na hewa. Mtengenezaji wa chai nyeusi huyaacha mabadiliko hayo yafike mwisho. Wa chai ya kijani huyazima mapema kwa joto. Wachina kwa kawaida hukaanga majani kwenye karai. Wajapani huyapitisha kwenye mvuke, na kwa sencha ya kawaida sekunde 30 hadi 40 zinatosha. Halafu majani husokotwa huku yakikaushwa, mpaka yawe sindano nyembamba za kijani kilichokoza. Mvuke huo ndio unaobakiza rangi mbichi pamoja na ile harufu ya nyasi na mwani inayomshangaza anayeinusa kwa mara ya kwanza.

Japani haikuanza na sindano hizo. Mtawa wa Kibudha aitwaye Eisai alirudi kutoka China mwaka 1191 akiwa na mbegu za chai, na mwaka 1211 akaandika kitabu cha kuisifu chai kama kinga ya afya. Kwa karne nyingi chai iliyotukuzwa ilikuwa ile ya unga, na iliyonywewa na watu wa kawaida ilikuwa ya majani magumu yenye rangi ya kahawia. Mwaka 1738 Nagatani Soen, mkulima wa Ujitawara, kusini mwa Kyoto, alitangaza njia ya kuyapika kwa mvuke machipukizi machanga na kuyasokota yakikauka. Sencha tunayokunywa leo ni mtoto wa njia hiyo.

Jambo moja litakusaidia kuelewa bei. Kenya peke yake huvuna chai zaidi ya mara tano ya ile inayovunwa Japani, na Wajapani hunywa wenyewe sehemu kubwa ya chai yao. Kinachovuka bahari ni kidogo. Kwa hiyo pakiti utakayoipata itumie kwa uangalifu, kama unavyotumia zafarani.

Utamu, uchungu, ukakasi

Kabla ya kupika, ulimi wako uwe na maneno. Kiswahili kinayo matatu, na yanaitosha kazi hii vizuri.

La kwanza ni utamu. Mtu akionja mchuzi wa samaki uliokolea akasema "mtamu huu", hakuna anayedhani umetiwa sukari. Utamu huo wa mchuzi, wa supu ya mifupa, wa dagaa waliokaushwa vizuri, Wajapani wanauita umami. Mwanakemia wao Kikunae Ikeda alilitumia neno hilo mwaka 1908 alipochunguza supu ya mwani. Katika chai, utamu huo unatokana hasa na theanini, aina ya asidi amino iliyomo majanini. La pili ni uchungu, ule wa kahawa, ambao katika chai huletwa kwa sehemu kubwa na kafeini. La tatu ni ukakasi: ng'ata bibo au ndizi mbichi, usikie ulimi unavyokauka na kukwaruza. Huo ni mkono wa katekini, kemikali nyingine za jani, ambazo pia huongeza uchungu.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Theanini huyeyuka vizuri hata katika maji ya vuguvugu. Katekini na kafeini hutoka kwa wingi maji yakiwa moto sana. Kwa hiyo maji ya nyuzi 60 au 70 za Selsiasi huutanguliza utamu, na maji yanayotokota huufungulia mlango ukakasi ukapita mbele ya kila kitu. Chai nzuri haitaki kuukosa ukakasi kabisa, kwani bila huo kikombe kinapwaya. Unachotafuta ni mizani, na mizani hiyo umeishika wewe mwenye birika.

Mkulima naye anaishika yake shambani. Theanini hutengenezwa kwenye mizizi, hupanda hadi majanini, na huko mwanga wa jua huigeuza kuwa katekini. Mkulima anayetaka chai yenye utamu mwingi hulifunika shamba lake kwa vitambaa vyeusi au mikeka siku kadhaa kabla ya kuchuma. Jani la kivulini hubaki na theanini yake.

Majina ya kuyajua

Sencha ndiyo chai ya kila siku ya Wajapani. Hukua juani, na ndani yake ladha zote tatu zimekaa pamoja. Anza nayo.

Fukamushi sencha ni sencha iliyokaa kwenye mvuke muda mrefu zaidi, dakika moja hadi mbili. Majani yake huvunjika vipande vidogo, kinywaji chake huwa cha kijani kizito chenye ukungu, na ukakasi wake ni mdogo. Nyingi hutoka uwanda wa Makinohara, mkoani Shizuoka, ambako samurai, wapiganaji waliobaki bila kazi baada ya utawala wa kijeshi wa shogun kuanguka, walianza kufyeka na kupanda chai mwaka 1869.

Gyokuro hufunikwa kivuli kwa siku 20 hivi. Sifa yake iko Uji, karibu na Kyoto, na Yame, mkoani Fukuoka. Hunywewa kwa kikombe kidogo kuliko hata cha kahawa ya Pwani, na huwa nzito mdomoni kama mchuzi. Kabusecha hufunikwa wiki moja au mbili, nayo imesimama katikati ya gyokuro na sencha.

Matcha ni majani ya kivulini ambayo hayakusokotwa. Huondolewa vikonyo na vishipa, kisha husagwa kwa jiwe. Jiwe moja hutoa gramu 30 hadi 40 tu kwa saa, kwa sababu likizunguka haraka hupata moto na kuiharibu harufu.

Hojicha ni majani au vikonyo vilivyokaangwa mpaka vikawa kahawia. Ukifungua pakiti yake utadhani kuna mtu anakaanga karanga jirani. Genmaicha ni chai iliyochanganywa na mchele uliokaangwa, na chembe chache za mchele huo hupasuka kama bisi. Kukicha ni ya vikonyo, nyepesi na yenye utamu wa mbali. Bancha ni ya majani makubwa ya mavuno ya baadaye, ya bei nafuu, ya kunywa na chakula.

Kama umezoea chai yetu iliyokolea na harufu mbichi inakutisha, ingia kwa mlango wa hojicha au genmaicha. Zote mbili zina harufu ya moto ambayo pua zetu zinaifahamu, na zinastahimili maji yanayotokota. Ukizizoea, njoo kwenye sencha.

Kununua bila kudanganywa

Maneno "chai ya kijani" kwenye boksi hayatoshi. China ndiyo inayouza nje chai nyingi zaidi ya kijani duniani, na hata Kenya inatengeneza kiasi. Zote zina heshima yake, ila ladha ni nyingine. Tafuta penye maandishi kwamba majani yamelimwa Japani, na ikiwezekana mkoa. Shizuoka na Kagoshima ndizo zinazoongoza. Mwaka 2024 Kagoshima, iliyoko kusini penye joto, iliipita Shizuoka kwa mara ya kwanza kwa wingi wa majani yaliyotengenezwa.

Tafuta pia mavuno. Mavuno ya kwanza, kati ya Aprili na Mei, ndiyo yenye utamu, kwa kuwa mmea umepumzika baridi yote ukijiwekea akiba mizizini. Chai yake ikiuzwa mbichi ya msimu huitwa shincha. Wajapani huhesabu usiku wa 88 tangu mwanzo wa majira ya kuchipua katika kalenda yao ya zamani, unaoangukia karibu na tarehe 2 Mei, na jadi inasema chai iliyochumwa siku hiyo huleta afya. Mavuno ya Juni na baadaye yana ukakasi zaidi na bei ndogo zaidi.

Wauzaji makini huandika na jina la aina ya mmea. Kama vile embe ngowe si embe dodo, ndivyo Yabukita isivyokuwa Saemidori. Yabukita, iliyochaguliwa Shizuoka na mkulima Sugiyama Hikosaburo mwaka 1908, imeenea katika sehemu kubwa ya mashamba ya Japani, kwa hiyo ni kipimo kizuri cha kuanzia. Saemidori ni laini zaidi, ukakasi wake ni mdogo.

Nunua pakiti ndogo, gramu 50 au 100, iliyofungwa kwa karatasi ya foili isiyopitisha hewa. Majani mazuri ya sencha yanang'aa, ni ya kijani kilichokoza, na yana harufu inayokujia kabla hujaiinamia. Yaliyofifia na kuwa manjano yamezeeka. Kwa upande wa matcha, fahamu kwamba neno la Kiingereza "ceremonial" linaloandikwa kwenye makopo halina kipimo rasmi nchini Japani. Tazama rangi: matcha nzuri ni ya kijani kibichi kinachowaka, na isiyo nzuri inaelekea rangi ya majani makavu.

Vyombo na maji

Wajapani hutumia kyusu, buli dogo lenye mkono ubavuni na chujio ndani ya mlija. Mji wa Tokoname umesifika kwa kyusu za udongo mwekundu. Ukiwa nayo, vizuri. Usipokuwa nayo, buli lolote dogo la kauri linafaa, au jagi la kioo na chujio la chai. Usiyabane majani ndani ya kile kitufe cha bati chenye matundu. Sindano zile zinataka nafasi ya kukunjuka. Na chombo kiwe hakina harufu. Sufuria iliyozoea tangawizi na maziwa haiwezi kuficha siri hiyo mbele ya sencha.

Maji yawe laini. Ukiona ukoko mweupe ndani ya birika lako, maji yako yana chokaa nyingi, na yatakupa chai butu, yenye rangi iliyofifia. Maji ya visima vya Pwani yenye chumvi yataiua kabisa. Tumia maji ya chupa yenye madini machache, au maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi.

Yachemshe mpaka yatokote, kisha yapooze. Kipimajoto si lazima. Kila unapoyahamisha maji kutoka chombo kimoja kwenda kingine chenye ubaridi wa kawaida, joto hushuka kwa nyuzi 10 hivi. Toka kwenye birika mpaka kwenye buli tupu: 90. Toka kwenye buli mpaka kwenye vikombe: 80. Yaache vikombeni dakika moja au mbili, mpaka uweze kukishika kikombe bila kukiachia: karibu na 70. Msomaji wa Nairobi azingatie kwamba kwa sababu ya mwinuko maji yake hutokota kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo hatua zake ni fupi kuliko za mtu wa Mombasa.

Majani yale yale, vikombe vitatu

Hii hapa sencha ya watu wawili.

1. Pima gramu 5 za majani. Bila mizani, ni vijiko viwili vya chai.
2. Mimina maji yaliyotokota kwenye buli tupu, kisha uyagawe katika vikombe viwili vya mililita 100. Umepasha vyombo, umepima maji, na umeyapoza, vyote kwa mkupuo mmoja.
3. Futa buli, weka majani ndani, na uyanuse. Joto la buli limeshaanza kuamsha harufu.
4. Maji yakifika karibu nyuzi 70, yarudishe kwenye buli taratibu. Funika. Subiri dakika moja. Kwa fukamushi, sekunde 30 hadi 40. Usikoroge wala usitikise.
5. Mimina kidogo kidogo kwa zamu: kikombe hiki, kile, kisha urudi kile, na hiki. Chai ya mwanzo ni nyepesi na ya mwisho ni nzito, kwa hiyo zamu hii ndiyo inayowapa wote wawili kinywaji kimoja.
6. Liinamishe buli mpaka tone la mwisho lidondoke. Matone ya mwisho ndiyo yenye utamu mwingi kuliko yote. Isitoshe, maji yakibaki chini yataendelea kuyakamua majani, na kikombe cha pili kitaharibika.
7. Acha kifuniko wazi kidogo ili majani yasijipike kwa mvuke wake yenyewe.

Sasa kunywa, na uwe na subira. Kikombe cha kwanza kina rangi ya manjano yenye ukijani. Funda la kwanza litakuja kimya. Lipitishe juu ya ulimi, limeze, kisha toa pumzi puani. Hapo ndipo utamu unapojitokeza, ukikaa nyuma ya ulimi kama baada ya kumeza mchuzi mzuri, na ukakasi kidogo pembeni ukiusafisha mdomo.

Kikombe cha pili hakihitaji kusubiri. Majani yameshakunjuka, kwa hiyo mimina maji ya nyuzi 80, hesabu sekunde 10 hadi 15, umimine. Rangi itakuwa ya kijani zaidi, na ukakasi utasogea mbele. Wapo wanaokipenda hiki kuliko cha kwanza. Cha tatu kipe maji ya 90 kwa nusu dakika: utamu umepungua, umebaki uchungu mwepesi unaofaa sana na chakula.

Fungua buli utazame. Zile sindano zimekuwa majani tena, machipukizi laini yanayoonyesha jinsi yalivyochumwa. Usiyatupe upesi. Ya gyokuro, na hata ya sencha nzuri, Wajapani wengine huyala kwa matone machache ya sosi ya soya. Na ukiona kijiti cha chai kimesimama wima ndani ya kikombe chako, huko kwao ni dalili ya bahati njema.

Vipimo vya aina nyingine

Gyokuro: gramu 8 hadi 10 kwa mililita 80 za maji ya nyuzi 50 hadi 60, dakika mbili au mbili na nusu. Kinachotoka ni mafunda machache tu ya kunywa, yashike mdomoni.

Kukicha: gramu 5, mililita 200, nyuzi 80, nusu dakika hadi dakika moja.

Hojicha, genmaicha na bancha: gramu 5 au 6, mililita 250 za maji yanayotokota, sekunde 30. Hapa moto ni rafiki, kwa kuwa harufu ya kukaangwa ndiyo tunayoitafuta, na theanini ya kulindwa ni kidogo.

Usitie maziwa wala sukari kwenye sencha au gyokuro, maana vitafunika kile ulichokilipia. Utamu uje kando ya kikombe. Watu wa Zanzibar, Mombasa na Maskati wanalijua hili tangu zamani: kipande cha haluwa, kisha kahawa chungu. Wajapani nao hula kitamu kidogo cha maharagwe yaliyopikwa kwa sukari, ndipo wanywe matcha. Tende moja inafanya kazi hiyo hiyo vizuri.

Matcha kwa mkono wako

Matcha hainywewi kwa kuchujwa. Unalinywa jani lenyewe. Chekecha gramu 2, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ndani ya bakuli lililopashwa moto, kwa sababu unga huu hushikana na kufanya mabonge. Mimina mililita 60 hadi 70 za maji ya nyuzi 80. Kisha tumia chasen, kifagio cha mwanzi kilichochongwa kutoka kipande kimoja na kupasuliwa nyuzi 80 hadi 100. Kijiji cha Takayama, mkoani Nara, kimeishika kazi hiyo kwa karne nyingi. Kiloweke kwanza kwenye maji moto ili kilainike. Piga kwa kifundo cha mkono, mbele na nyuma upesi, bila kukikandamiza chini, kwa sekunde 15 hadi 20, mpaka povu laini lifunike juu. Huna chasen? Tia matcha na maji yasiyo moto kwenye chupa yenye kifuniko kinachokaza, utikise kwa nguvu.

Desturi ya kuandaa matcha kwa mgeni ilipata sura yake ya unyenyekevu kwa Sen no Rikyu, aliyeishi kati ya mwaka 1522 na 1591: chumba kidogo, vyombo visivyo na makuu, moyo wote kwa mgeni aliyeko mbele yako. Bakuli hupokelewa kwa mikono miwili. Kwetu pia, mtu aliyelelewa vizuri hupokea hivyo anachopewa na mkubwa wake.

Siku ya jua kali

Dar es Salaam ya Februari haitaki kikombe cha moto. Weka gramu 10 hadi 15 za sencha kwenye jagi, mimina lita moja ya maji safi yaliyopoa, na uliache kwenye friji saa tatu hadi sita. Chuja. Kwa kuwa maji ni baridi, ukakasi mwingi umebaki majanini, na ulichonacho ni kinywaji chenye utamu wa polepole, bila sukari hata chembe. Ni njia ambayo ni vigumu kuiharibu, na ndiyo ninayompendekezea kila mtu anayeanza. Kinywe siku hiyo hiyo.

Kutunza

Adui wa majani haya ni hewa, unyevu, mwanga, joto na harufu. Kabati lenye karafuu na hiliki si mahali pake. Hamishia kwenye mkebe unaofunga barabara, uweke penye giza na ubaridi, na umalize ndani ya mwezi mmoja baada ya kufungua. Matcha hata mapema zaidi. Pakiti ambayo hujaifungua inaweza kukaa kwenye friji au friza. Lakini ukiitoa, isubiri ifikie joto la chumba kabla ya kuifungua, la sivyo unyevu wa hewa, hasa huku Pwani, utageuka matone juu ya majani.

Sencha iliyozeeka usiitupe. Weka kikaango kikavu kwenye moto mdogo, utie majani, ugeuze bila kupumzika kama unakaanga kahawa. Yakishakuwa kahawia na nyumba ikanukia, epua upesi na uyamwage kwenye sahani yapoe. Umejitengenezea hojicha.

Kiasi, na afya

Chai hii inauzwa mno kwa ahadi za kupunguza tumbo na kusafisha damu. Inunue kwa ladha yake. Ina kafeini: kwa hesabu rasmi za vyakula za Japani, mililita 100 za gyokuro zina miligramu 160 hivi, kahawa 60, chai nyeusi 30, sencha na hojicha 20, genmaicha na bancha 10. Gyokuro basi iwe ya asubuhi, na ni mafunda machache tu. Usiku chagua bancha au genmaicha. Katekini huzuia mwili kufyonza madini ya chuma kutoka kwenye mboga na nafaka, kwa hiyo mwenye upungufu wa damu anywe mbali na mlo. Mjamzito azungumze na mhudumu wake wa afya kuhusu kafeini. Anayetumia dawa ya warfarin amwone daktari kabla ya kuizoea matcha, maana jani zima lina vitamini K nyingi. Na vidonge vya chai ya kijani iliyokolezwa ni kitu kingine kabisa. Vimewahi kuwadhuru watu ini. Kikombe na kidonge visichanganywe.

Mgeni wako wa kwanza

Mikono yako ikishazoea, mwite yule ndugu au jirani anayesema chai ya kijani ni dawa. Usimpe hotuba. Mwekee tende mbili kwenye kisahani, chemsha maji, uyapooze mbele yake kutoka chombo hadi chombo, mzungumze habari za nyumbani ile dakika moja ikipita. Mimina kwa zamu, kikombe chake na chako. Mwishoni, buli likiwa limeinama na matone yakija moja moja, sogeza kikombe chake chini ya mlija. Hayo ndiyo matamu kuliko yote, na mgeni ndiye mwenye haki nayo.